Sukari ya Bibi

Kabla sukari ile haijaingia nyumbani kwake, Mwalimu Atuganile Mwaipaja alipigana vita kila asubuhi na mtoto wa miaka tisa, na kila asubuhi alishindwa.

Hakuwa mtu wa kushindwa ovyo. Alikuwa amefundisha shule ya msingi tangu ujana wake hadi nywele zilipomgeuka nyeupe, na muda wote huo aliweza kulinyamazisha darasa zima kwa kuvua miwani tu, bila kutamka neno. Vijana wakorofi wa zamani, ambao sasa walikuwa na vitambi na wajukuu, walipokutana naye njiani mjini Tukuyu walitoa mikono mifukoni kabla ya kumwamkia. Lakini kidonge kile cheupe, kidogo kuliko punje ya mtama, kilimshinda kukipitisha kwenye midomo ya mjukuu wake Tumpe.

Kidonge hakikuwa cha kumeza. Kilitakiwa kuwekwa chini ya ulimi na kuachwa kiyeyuke chenyewe, polepole, na uchungu wake ulikamata koo ukakaa humo hata uji ukawa na ladha ya magome ya mti. Bibi alikumbuka jinsi mama yake alivyomfichia kwinini ndani ya ndizi mbivu, homa ikaondoka bila malumbano. Basi alijaribu ndizi. Tumpe aliila ndizi yote, kisha akakitema kidonge kiganjani kwa adabu.

"Bibi, ndizi yako ina jiwe."

Alikificha ndani ya kiatu. Alikizika ndani ya chungu cha maua. Siku moja alimpa kuku, naye kuku akashinda mchana kutwa ameikodolea macho punje moja ya mahindi, haidonoi wala haiachi, mpaka Bibi mwenyewe akamwonea huruma.

"Angalau kuku amepata umakini," alisema Tumpe.

"Nyamaza, na ukae vizuri."

Hakuwa mtoto mbaya. Akili yake ilikuwa na milango mingi, yote imefunguliwa kwa wakati mmoja, na kila kilichopita nje kilimwita kwa jina. Alianza kufunga kamba za kiatu, akasikia ndege, akatoka kumtafuta ndege akiwa na kiatu kimoja. Shuleni alilia machozi ya kweli. "Mimi nataka kusikiliza, Bibi. Masikio ndiyo hayataki." Na mwaka uliotangulia alikuwa amemfuata panzi shambani.

Panzi ndilo jina ambalo watu wa Rungwe waliipa mitambo ya kuchumia chai, kwa jinsi ilivyoruka kutoka tuta hadi tuta kwa miguu yake mirefu ya chuma. Hakuna anayeruhusiwa kuikaribia inapokuwa kazini, na watoto hufundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuhesabu. Tumpe alifundishwa. Alisahau, kwa sababu mtambo ule ulikuwa na buibui mgongoni, na buibui alikuwa akisuka. Kovu lilibaki kidevuni. Kila Bibi alipolitazama, alijua kwamba lingeweza kuwa shingoni.

Mama wa mtoto, Lusekelo, alikuwa fundi wa mitambo ya jua huko Singida, akija nyumbani wakati wa Krismasi na wakati wa misiba. "Mama, mpe dawa," alisema kila alipopiga simu, uso wake ukimulika ukutani. "Dawa inamsaidia. Wiki ile aliyokubali, alisoma kitabu kizima."

"Najua inamsaidia. Njoo umpe wewe."

Ndipo ilipokuja sukari.

Sasa kila asubuhi Tumpe alikimbilia mezani mwenyewe, akafungua kopo la bati la bluu, akaweka kidonge chini ya ulimi na kufumba macho. Uso wake ulilainika kama wa mtu aliyesogea karibu na moto baada ya kunyeshewa. Bibi alikaa upande wa pili wa meza na kikombe chake cha chai, akitazama.

"Leo kulikuwa na kengele tena!" alisema Tumpe alipofumbua macho. "Si kengele ya kweli. Ni chuma cha gurudumu la gari, kimening'inizwa mtini. Kuna msichana anakigonga kwa nondo, na watoto wote wanakimbia mstarini. Yeye ndiye aliyechaguliwa kugonga. Ana furaha mpaka tumbo linamcheza."

"Msichana huyo anaitwa nani?"

"Sijui. Simwoni uso. Mimi niko ndani yake."

Bibi alitabasamu, tabasamu la mtu anayepewa habari njema za mtoto wa jirani. Alijua kwamba msichana yule ni yeye mwenyewe. Alijua hivyo kama mtu anavyojua jina la mto uliochorwa kwenye ramani, mto ambao hajawahi kuuvuka wala kunywa maji yake. Ndani yake, mahali ambapo kengele ile ilipaswa kulia, palikuwa kimya.

*

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwasomola, mbona umesimama kama mgomba uliokatwa?"

Daktari Mwasomola alinyoosha mgongo. Alikuwa mtu mzima mwenye zahanati yake na wauguzi waliomwogopa, lakini Mwalimu Atuganile alipoingia mlangoni alirudi kuwa mtoto wa darasa la tatu.

Utaratibu wa kuipata sukari ile ulikuwa na jina refu la kitaalamu ambalo hakuna aliyelitumia. Watu wa Rungwe, waliozaliwa na kukulia miongoni mwa ng'ombe wa maziwa, waliuita kukamuliwa. Aliyekamuliwa alikaa kwenye kiti, akavishwa kofia laini yenye nyuzi nyembamba za fedha, akaambiwa akumbuke jambo moja la furaha, alikumbuke lote, tangu mwanzo hadi mwisho.

"Nikuelezee tena, Mwalimu? Sheria inanitaka nieleze kila mara."

"Eleza."

"Kumbukumbu si picha iliyowekwa kabatini. Kila tunapoikumbuka, njia yake kichwani hulainika kama udongo uliolowa, kisha hukauka upya. Chombo hiki huidaka ingali mbichi, kikaihamishia furaha yake kwenye unga wa dawa. Mtoto anapoionja, ubongo wake hautambui uchungu, kwa kuwa umeshughulishwa na raha. Lakini inafaa tu ikitoka kwa ndugu wa damu anayeishi naye nyumba moja. Na udongo uliochotwa, Mwalimu, haurudi."

"Nilikuelewa tangu mara ya kwanza. Mimi si mwanafunzi wa nyuma ya darasa. Wewe ndiye uliyekaa huko."

Daktari alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Kwenye kioo mbele yake palionekana kichwa cha Bibi kama mji unaotazamwa kutoka mlimani, taa zikiwaka hapa na pale. Mitaa mingine ilikuwa na giza.

"Zimepungua," alisema. "Ulianza na ndogo ndogo, nazo zimekwisha. Kuteleza kilimani juu ya magome ya migomba. Viazi vya kuchoma vya marehemu mama yako. Kengele. Kumbukumbu moja hutosha kopo moja, na sasa naona mbili tu zenye nguvu ya kutosha." Aligusa taa moja, kubwa, ya rangi ya machungwa. "Hii ni ya ujanani." Akagusa nyingine. "Na hii ni ya juzi juzi. Ya miaka tisa iliyopita."

Bibi hakuhitaji kuambiwa hiyo ya pili ni ipi. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wodi ya wazazi, mkunga akatoka, akamwekea mikononi kifurushi chenye joto, na kifurushi kikapiga chafya.

"Hiyo usiiguse," alisema.

"Basi ni ile ya kwanza. Au tuache, Mwalimu. Tunaweza kumrudisha kwenye dawa isiyo na sukari. Ni ileile."

"Umewahi kuionja dawa hiyo?"

"Hapana."

"Mimi nimeionja. Weka kofia." Kisha, daktari alipokuwa akizifunga nyuzi, aliuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza. "Kwa nini watoto hawaambiwi inakotoka?"

Mwasomola alikaza uzi wa mwisho. "Tulipoanza, tuliwaambia. Wengi walikataa kuila."

Bibi aliketi wima chini ya kofia. Mama yake naye hakumwambia kuhusu ile ndizi. Watoto hawaulizwi kuhusu dawa, alijisemea, wanapewa. Akafumba macho, akakumbuka.

Ilikuwa mvua, mvua ya Rungwe isiyojua kupumzika, na yeye alikuwa mwalimu mpya mwenye nyumba moja ya bati karibu na shule. Alikuwa barazani akisahihisha madaftari, akaona mtu anapanda kilima. Alikuwa Asajile, kijana fundi seremala aliyetengeneza madawati ya shule, ambaye kwa muda mrefu hakuwa amemwambia lolote ila habari za misumari. Alikuwa amelowa kuanzia kichwani hadi miguuni, shati limemganda mgongoni, maji yanamchuruzika puani. Na mikononi, ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga, alikuwa na mwamvuli mweusi, mpya, uliofungwa kifungo chake. Kipini chake cha mbao kilikuwa na ufa, naye alikuwa ameuziba kwa waya mwekundu, uliozungushwa kwa ustadi mpaka ukawa pambo.

"Mbona hukuufungua?" aliuliza Atuganile, akishindwa kuzuia kicheko.

"Si wangu," alijibu Asajile, akitetemeka. "Nimekuletea wewe."

Alisimama palepale mvuani akiwa ameunyoosha mkono, wala hakupanda barazani mpaka Atuganile alipoupokea. Ulikuwa mkavu. Kilima kizima kilikuwa kimelowa, na mwamvuli ule ulikuwa mkavu. Aliutundika kwenye msumari juu ya mlango, nao haukufunguliwa tena kamwe. Walipooana ukawa ndio utani wao: mvua zote walizotembea pamoja, za kanisani, za sokoni, za mazishi ya wazazi, walinyeshewa, wakarudi nyumbani wakicheka, na mwamvuli ukiwa mkavu juu ya mlango ukiwasubiri. Hata siku aliyomzika Asajile alitembea bila kujifunika, na watu wakadhani ni huzuni, kumbe

"Imekwisha," alisema Daktari Mwasomola.

Bibi alifumbua macho. Mashavu yake yalikuwa na machozi, naye hakujua ni ya nini. Alijifuta kwa leso, akavaa miwani, akaulizia kopo lake litakuwa tayari siku gani.

*

Masika ilipokolea, koti la mvua la Tumpe lilinasa kwenye waya wa uzio wa shule na kuchanika mgongo mzima. Asubuhi iliyofuata mvua ilipiga bati hata ikabidi watu wasemezane kwa sauti kubwa. Bibi alitafuta cha kumfunika mtoto. Macho yake yalipanda juu ya mlango, yakauona mwamvuli.

Alishangaa. Mwamvuli mzima, mweusi, umefungwa kifungo chake, umeshika vumbi. Kitu kizuri namna ile kinaning'inia bure! Alipanda kwenye kigoda, akautungua, akaufuta kwa upindo wa kanga.

"Shika. Na usiusahau shuleni."

Tumpe hakuupokea. Alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

"Huo haufunguliwi," alisema.

"Nani amesema hivyo?"

"Wewe! Nilipougusa tu ulinipigisha magoti. Ukasema nyumba hii ina mambo mawili yasiyoguswa, Biblia ya Babu na mwamvuli wa Babu."

"Mwamvuli kazi yake ni kukinga mvua, Tumpe. Usinicheleweshe kwa porojo."

"Bibi, hunidanganyi?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Aliyasema maneno hayo haraka, kama alivyozoea. Tumpe alikuwa akimtazama kwa makini. Kwa makini kweli, bila kuisikia mvua wala jogoo wala redio ya jirani, kama mtoto ambaye dawa yake inafanya kazi.

"Kuna mtu kwenye dawa," alisema polepole. "Sikukuambia habari zake. Ilikuwa nzuri mno, nikaificha iwe yangu. Anapanda kilima kwenye mvua, amelowa chepechepe, na ana mwamvuli lakini haufungui. Ameukumbatia. Na mimi niko barazani ninamtazama, na nataka kucheka na kulia." Alinyoosha kidole. "Kipini kina ufa. Umefungwa kwa waya mwekundu."

Bibi aliugeuza mwamvuli. Waya ulikuwapo, mwekundu bado chini ya vumbi, umezungushwa kwa ustadi mpaka ukawa pambo. Alitafuta ndani yake ni nani aliyeuzungusha. Alitafuta kwa bidii, kama mtu anayepapasa mfukoni kwa ufunguo aliokuwa nao sasa hivi. Alimkumbuka Asajile mzee, Asajile mgonjwa, Asajile aliyekohoa akiomba maji. Wa mvuani hakuwapo.

"Bibi, sukari inatoka wapi?"

Katika maisha yake yote ya ualimu alikuwa na sheria moja aliyoiheshimu kuliko zote: mtoto akiuliza swali lililonyooka, ajibiwe jibu lililonyooka.

"Inatoka kwangu," alisema.

"Na ikishatoka?"

"Haibaki."

Mvua ilipiga bati. Tumpe alilitazama kopo la bluu.

"Nimemla Babu?"

"Tumpe, sikiliza."

"Nimemla Babu, na kengele, na viazi, na wewe hukuniambia!"

Alilinyakua kopo la bluu mezani, akatoka mbio bila viatu, na Bibi alipofika mlangoni alimkuta amelimwaga lote kwenye matope ya zizi, akiyakanyaga kwa miguu yote miwili.

*

Kukawa hakuna dawa. Milango yote ikafunguka tena. Mwalimu wa shule alituma ujumbe kwamba Tumpe alitoka darasani katikati ya somo. Jirani yao, Mama Nsajigwa, alimrudisha akiwa amemshika mkono.

"Mwalimu, nimemkuta mpakani mwa shamba la chai. Panzi walikuwa tuta la pili."

"Ahsante, Mama Nsajigwa."

"Alisema anamtafuta kinyonga. Mwalimu, mtoto huyu utampoteza."

Asubuhi iliyofuata Bibi alivaa nguo zake za kanisani, akafunga kilemba, akachukua mkoba. Alipofika mlangoni alimkuta Tumpe ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha kuziba njia.

"Unakwenda wapi?"

"Zahanati. Nipishe."

"Kukamuliwa?"

"Nimesema nipishe."

"Utatoa nini sasa?"

Bibi alitaka kusema kwamba hayo si mambo ya watoto. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Aliimeza.

"Siku uliyozaliwa," alijibu. "Ndiyo pekee iliyobaki yenye kufaa."

Tumpe aliwaza. Inzi alipita, macho yake yakamfuata, akayarudisha kwa nguvu kama mtu anayemvuta ndama kwa kamba.

"Halafu hutanijua?"

"Nitakujua vizuri sana. Nitajua kwamba u mjukuu wangu. Nitakulisha, nitakuvisha, nitakufundisha."

"Hata mwamvuli ulijua kwamba ni mwamvuli," alisema Tumpe.

Bibi alikaa. Hakukusudia kukaa, akajikuta kwenye kigoda kilekile alichokipanda kuutungua, mkoba mapajani, kilemba kimemwinamia upande mmoja. Alikuwa ameogopa panzi tu siku zote hizi. Hakufikiri kwamba mtoto angeweza kunyakuliwa na kitu kingine, akiwa hapohapo mezani, mzima, anakula uji.

"Ndizi," alisema hatimaye, zaidi kwa nafsi yake. "Nilidhani ni ile ndizi ya mama yangu. Lakini ndizi haikumla mtu." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ilinipasa kukuambia. Sasa wewe niambie, tufanyeje? Panzi wako shambani kila siku, na mimi sina mbio."

"Ninazo," alisema Tumpe. "Zile kumbukumbu zako. Ninaweza kukurudishia."

"Hazirudi, mama. Daktari amesema."

"Kwa mdomo, Bibi! Kaa hapo. Nakuhadithia kengele." Aliruka akasimama. "Kuna mti. Mtini kuna chuma cha gurudumu, na msichana ana nondo. Halafu watoto... Bibi, kuna nyigu dirishani. Halafu ana furaha. Hapana, kwanza anachaguliwa, halafu... halafu kuna nini?" Uso wake ulikunjamana. Alianza tena kwenye mti, akafika kwenye nondo, akapotea. Akaanza na kile kilima cha kuteleza, nacho kikamponyoka nusu njia. "Nilikuwa naiweza! Nilipokuwa ninakunywa dawa niliifuata mpaka mwisho. Sasa inakatika, inakatika kila mahali, na wewe huijui na mimi naipoteza!"

Bibi aliuweka mkoba sakafuni. Alikuwa mwalimu wa muda mrefu kiasi cha kutoshindwa kumtambua mwanafunzi aliyekaribia jibu, na hapo kazi ya mwalimu ni kutulia.

Tumpe alijifuta kamasi kwa mkono, jambo ambalo siku nyingine lingemletea adhabu.

"Kile kichungu kipo?"

"Kipo kabatini."

"Kilete."

Bibi alikileta kichupa cha zamani, kile cha kabla ya sukari. Hakukuwa na ndizi. Tumpe alikitazama kidonge kiganjani kwa chuki ya wazi, akakitupia chini ya ulimi, akaushika mkono wa bibi yake. Uchungu ulipofika aliuminya mkono ule hadi vifundo vya mzee vikalia. Macho yalimtoka machozi, miguu ikapiga sakafu, shingo ikajinyonganyonga. Hakukitema.

Bibi aliacha mkono wake uminywe. Hakumsifu, kwa kuwa hakuwa na mazoea hayo, lakini alivua miwani, na safari hii haikuwa kumnyamazisha mtu.

Walisubiri. Chai ilipoa. Nyigu alizunguka dirishani, akagonga kioo, akazunguka tena, na ikafika wakati ambapo alizunguka na Tumpe hakugeuka.

"Simama wima," alisema Bibi. "Mikono ubavuni. Anza mwanzo."

Tumpe alisimama wima.

"Kulikuwa na mvua," alianza, "na msichana mmoja alikuwa barazani anasahihisha madaftari."

Alihadithia hadi mwisho. Alihadithia shati lililoganda mgongoni, maji puani, mkono ulionyooshwa, mwamvuli mkavu katika kilima kilicholowa. Bibi alisikiliza akiwa ameegemea mbele, kama wasikilizavyo watoto, mdomo wazi kidogo. Hakuna kilichorudi. Alingoja, na hakuna kilichorudi. Ilikuwa hadithi ya watu wawili ambao hakuwafahamu, nao walipendeza mno.

"Msichana huyo," aliuliza, "alimpenda?"

"Sana, Bibi. Mimi nilikuwa ndani yake. Ninajua."

"Vizuri," alisema Mwalimu Atuganile. "Kesho utanihadithia tena. Na usiliruke lile la maji puani."

*

Si kila asubuhi ilikwenda vyema. Zipo ambazo Tumpe aligoma, akajifungia chooni, akasema dawa ile ingetengenezwa na shetani isingekuwa mbaya zaidi. Na Bibi alikaa nje ya mlango akimngoja, akimwambia tu kwamba amefika kwenye viazi vya kuchoma na hajui kilichofuata. Mara nyingi mlango ulifunguliwa. Daktari Mwasomola alipata habari, akaja mwenyewe kutazama, akapewa kigoda na kuambiwa akae vizuri.

Masika ilikuwa bado haijaisha walipotoka siku moja kwenda shule. Tumpe alikuwa na koti jipya kutoka Singida. Bibi alikuwa na kanga begani, kichwa wazi, na mvua ikimchuruzika usoni hadi kwenye ncha ya pua. Mikononi, ameukumbatia kifuani, alikuwa na mwamvuli mweusi uliofungwa kifungo chake.

Mama Nsajigwa alikuwa akikamua ng'ombe bandani. Alipowaona aliacha ndoo.

"Mwalimu! Jamani, mwamvuli unao, na unalowa hivyo?"

"Huu haufunguliwi, Mama Nsajigwa."

"Haufunguliwi kwa nini?"

Mwalimu Atuganile alisimama katikati ya njia. Alimgeukia mjukuu wake.

"Mwambie," alisema. "Simama wima, na uanze mwanzo."